Mlipuko Mkuu na Uumbaji ni mambo mawili: tuweke mpaka kwenye suala la mwanzo wa ulimwengu

#1 Falaki wa Kusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada ya dini na sayansi ikifunguliwa humu haifiki ukurasa wa pili kabla watu hawajaanza kupigana kwa Mlipuko Mkuu (Big Bang, nadharia kwamba ulimwengu ulitanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa). Mmoja anasema sayansi imethibitisha Mwanzo 1:1. Mwingine anasema sayansi imeonyesha Mungu hahitajiki. Wote wawili wanaegemea jambo ambalo nadharia yenyewe haisemi, yaani kwamba wanasayansi wameifikia sekunde ya sifuri na kukuta kabla yake hapakuwa na chochote. Hakuna aliyeifikia. Naomba tutenganishe kilichopimwa, kilichokokotolewa na kinachodhaniwa, kisha tuone wanazuoni wa dini walisema nini hasa kabla darubini haijatengenezwa.

Nianze na kilichopimwa.

Galaksi zinaachana. Vesto Slipher alianza kuchambua mwanga wa galaksi huko Arizona mwaka 1912, akaona kwamba nyingi kati yake mistari ya mwanga imesogea upande wa wekundu, dalili ya kitu kinachokwenda mbali nasi. Mwaka 1927 Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji akaeleza sababu kwa milinganyo ya Einstein: nafasi yenyewe inatanuka. Edwin Hubble akachapisha uhusiano wa kasi na umbali mwaka 1929. Mrusi Alexander Friedmann alikuwa amepata majibu ya namna hiyo kwa hesabu tupu tangu 1922.

Joto lililobaki kutoka ulimwengu wa awali lipo bado. Arno Penzias na Robert Wilson walilinasa mwaka 1964 kwa antena ya Holmdel, New Jersey. Linatoka kila upande wa anga, na leo ni kelvini 2.725. Ulimwengu ulipokuwa mdogo mara 1,090 kwa urefu, joto hilo lilikuwa juu mara 1,090, yaani karibu kelvini 2,970. Hapo ndipo elektroni zilipotulia kwenye viini vya atomu na mwanga ukapata njia ya kupita, miaka kama 380,000 tangu tunapoanzia kuhesabu. Mwanga wa kabla ya hapo haupatikani, kwa sababu ulikuwa ukigonga elektroni kila hatua.

Kiasi cha heliamu (gesi nyepesi) ulimwenguni ndiyo hoja ninayoipenda kuliko zote, kwani mtu anaweza kuihakiki kwa kalamu. Kwenye sekunde ya kwanza hivi, joto likiwa karibu kelvini bilioni 10, uwiano wa chembe zinazojenga viini vya atomu ulikuwa nyutroni 1 kwa protoni 6. Nyutroni huru huishi kwa wastani wa sekunde 880 hivi, kwa hiyo mpaka joto liruhusu viini kushikana, dakika chache baadaye, uwiano umeshuka kuwa 1 kwa 7. Chukua nyutroni 2 na protoni 14, jumla chembe 16. Nyutroni zote 2 zinajifunga na protoni 2 kuwa kiini kimoja cha heliamu chenye uzito wa 4. Nne kwa kumi na sita ni asilimia 25. Ukipima gesi ambayo nyota hazijaichafua sana, unapata asilimia 24 hadi 25. Kasoro ipo kwenye lithiamu: hesabu inatabiri kama mara tatu ya inayoonekana kwenye nyota za kale, na hilo halijatatuliwa.

Basi kutoka sekunde ya kwanza mpaka leo tunakanyaga ardhi ngumu. Ukirudi nyuma, maabara ya CERN inafikia nishati za sehemu ya trilioni ya sekunde. Nyuma ya hapo ni hesabu bila jaribio. Kwenye sekunde 10⁻⁴³ hata hesabu inagoma, kwa sababu mvutano unahitaji fizikia ya kwanta (ya vitu vidogo mno) ambayo bado haijakamilika. Pale grafu inapoonyesha msongamano usio na kikomo, maana yake ni kwamba milinganyo imeishiwa nguvu. Haisemi kwamba tumeona mlango wa kuingilia.

#2 Mwenye Shaka

Mleta uzi, kama sekunde ya sifuri haijafikiwa na yeyote, hiyo miaka bilioni 13.8 mnayosema ni umri wa ulimwengu mnaihesabu kuanzia wapi? Hapa mnachanganya watu.

#3 Mpimaji

Swali zuri, na jibu lake linaondoa nusu ya ugomvi. Fuata hatua.

Kasi ya kutanuka kwa vipimo vya setilaiti ya Planck (2018), iliyopima lile joto lililobaki, ni kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Megaparseki moja ni kilomita 3.086 × 10¹⁹. Gawanya kwa 67.4, unapata sekunde 4.58 × 10¹⁷. Gawanya tena kwa sekunde za mwaka, 3.156 × 10⁷. Jibu ni miaka bilioni 14.5.

Wengi huishia hapo na kudhani wamekosea, kwa kuwa vitabu vinasema 13.8. Hawajakosea, wamebakiza hatua. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kasi haijabadilika kamwe. Kweli ni kwamba mata (vitu vyenye uzito) iliupunguza mwendo kwa mabilioni ya miaka, kisha nishati giza (nishati isiyojulikana inayosukuma nafasi itanuke) ikaanza kuuongeza. Kwa mata asilimia 31.5 na nishati giza asilimia 68.5, kizidisho kinatoka 0.951. Zidisha 14.5 kwa 0.951, unapata 13.8. Ukiweka ulimwengu wenye mata peke yake, kizidisho ni theluthi mbili na umri unaanguka hadi bilioni 9.7, chini ya umri wa nyota kongwe. Hilo lilikuwa tatizo halisi kwa modeli ya aina hiyo kabla nishati giza haijagunduliwa mwaka 1998.

Sasa hiyo "sifuri". Ni mahali ambapo mstari wa hesabu unakata mhimili ukiurefusha kwenda nyuma. Wigo wa kosa wa 13.8 ni kama miaka milioni 20. Lolote lililotokea ndani ya sekunde ya kwanza haliwezi hata kutikisa tarakimu ya mwisho. Na kama kabla ya hali ile ya joto kulikuwa na kipindi kingine, kirefu au kifupi, bilioni 13.8 haikihesabu. Ni umri wa kipindi cha joto mpaka leo.

Namba hizi zina historia ya kuumiza watu. Hubble alipata kasi ya karibu 500 badala ya 67. Rudia hatua za juu: umri unatoka chini ya bilioni 2, ilhali miamba ya dunia ilikuwa ikionekana kuwa na umri mkubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walileta nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, unaozalisha mata mpya kidogo kidogo ili usipungue. Haikuwa chuki kwa dini peke yake kama inavyosimuliwa makanisani. Kulikuwa na namba isiyokaa sawa. Mwaka 1952, kwenye mkutano wa wanafalaki Roma, Walter Baade alionyesha kwamba nyota zilizotumika kupimia umbali ni za aina mbili zilizochanganywa, na umbali wa galaksi ukawa karibu mara mbili kwa siku moja.

Leo ugomvi ni mdogo zaidi lakini upo: wanaopima kwa nyota na supanova (nyota zinazolipuka) wanapata kama 73, Planck anatoa 67.4. Anayetumia umri wa ulimwengu kama hoja ya dini aseme anatumia namba ipi.

Kwa watu wa Malindi: ile asilimia 31.5 ya mata ina mkono wenu. Setilaiti Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu nanyi, na ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto inayotoa eksirei. Kupima gesi hiyo dhidi ya uzito wote wa kundi kulikuja kuwa moja ya njia zilizoonyesha, miaka ya 1990, kwamba mata yote haifiki kiasi kilichodhaniwa.

#4 Taa ya Chuoni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Upande wa kalamu umeelezwa vyema, nami nilete upande wa ilmu ya kalaam (kutetea itikadi ya Kiislamu kwa hoja za akili), maana humu jina la Imam Ghazali linatajwa kama muhuri bila hoja yake kuelezwa.

Hoja kwamba ulimwengu lazima uwe na mwanzo ilianza mapema. John Philoponus, Mkristo wa Iskandaria, aliandika mwaka 529 kupinga umilele wa ulimwengu. Al-Kindi akaiendeleza kwa Kiarabu karne ya tisa. Ghazali (1058 hadi 1111) akaikaza katika Tahafut al-Falasifa, mwaka 1095. Anasema: Jua linazunguka mara moja kwa mwaka, Mshtarii (Jupita) mara moja kwa miaka 12, Zohali (Sateni) mara moja kwa miaka 30. Kama mizunguko haina mwanzo, basi ya Zohali haina idadi na ya Jua haina idadi, ilhali ya Zohali ni sehemu ya thelathini ya ile ya Jua. Tena, hiyo jumla ni shufwa au witiri? Ikiwa shufwa, kukosa moja kunaifanyaje kitu kisicho na kikomo kipungukiwe?

Ibn Rushd (1126 hadi 1198) alijibu katika Tahafut at-Tahafut kwamba uwiano upo kati ya sehemu zenye kikomo tu. Chukua miaka 60, Zohali mbili na Jua 60, uwiano ni moja kwa thelathini. Ukishasema "bila mwisho", huna tena jumla mbili za kulinganisha, kwa sababu mizunguko iliyopita haipo pamoja mahali pamoja. Karne ya 19 Georg Cantor alionyesha kwa hesabu kwamba kundi lisilo na kikomo linaweza kulingana na sehemu yake bila mgongano. Kwa hiyo hoja ya Zohali kama ilivyoandikwa haikati. Anayetaka kuitetea lazima athibitishe kwamba kisicho na kikomo hakiwezi kutokea katika vitu halisi, hata kama kinawezekana katika hesabu. Hiyo ni kazi nyingine.

Pigo lenye nguvu zaidi la Ghazali liko kwenye irada (utashi). Wanafalsafa waliuliza: kama Mungu habadiliki, kwa nini ulimwengu uanze wakati fulani na si mwingine, kitu gani kilipendelea saa ile? Akajibu kwa mfano wa mwenye njaa aliyewekewa tende mbili zinazofanana kila hali. Hatakufa njaa akitafuta tofauti, atachukua moja, kwa sababu kazi ya irada ni kutenga kimoja kati ya vinavyofanana. Naona hapo amewashinda.

Sasa wengi hawajui Ibn Sina, mmoja wa wanafalsafa hao, alisema nini hasa. Yeye hakumkana Muumba. Alisema ulimwengu hauna mwanzo wa wakati, lakini kila nukta ni mumkin al-wujud (ungeweza kutokuwepo), unategemea Wajib al-Wujud (asiyeweza kutokuwepo, yaani Mungu) ili uwepo. Ghazali alimhukumu kwa kauli hiyo pamoja na mbili nyingine, na Ibn Rushd akajibu katika Fasl al-Maqal kwamba dhahiri ya Qur'ani haisemi mahali popote kwamba Mungu alikuwa pamoja na ukosefu mtupu. Akataja Hud 11:7, Arshi juu ya maji, na Fussilat 41:11, mbingu ikiwa moshi. Mtu anaweza kukataa tafsiri yake. Asidai tu kwamba suala halikuwa na mjadala.

#5 Hoja Nzito

Shekhe Taa, nashukuru, lakini mnaifanya hoja ya kalaam ionekane mgonjwa kuliko ilivyo. Ilivyo leo, kama mwanafalsafa Mkristo William Lane Craig alivyoirudisha mwaka 1979, ina madai mawili. Kila kilichoanza kuwepo kina sababu. Ulimwengu ulianza kuwepo. Basi ulimwengu una sababu. Dai la pili halitegemei Zohali tena, lina fizikia.

Stephen Hawking na Roger Penrose walithibitisha mwaka 1970 kwamba ulimwengu kama wetu, ukiurudisha nyuma, unagonga ukingo. Mkisema mfumuko wa ulimwengu (kutanuka kwa kasi mno mwanzoni) unaukwepa ukingo huo, Arvind Borde, Alan Guth na Alexander Vilenkin walifunga njia hiyo mwaka 2003: ulimwengu wowote ambao kwa wastani umekuwa ukitanuka hauwezi kurudi nyuma bila kikomo. Theorem hiyo (kanuni iliyothibitishwa kwa hesabu) haitegemei hata milinganyo ya Einstein. Vilenkin mwenyewe anaichukua kuwa ushahidi wa mwanzo. Sasa mnataka nini zaidi?

#6 Falaki wa Kusi

Hoja Nzito, theorem zote mbili ni sahihi. Lakini theorem inasema "kama hivi, basi vile", na watu husoma nusu ya pili peke yake.

Ile ya 1970 ina sharti kuhusu mata: msongamano ukijumlishwa na mara tatu ya shinikizo usiwe chini ya sifuri. Mata ya kawaida inatimiza, mwanga unatimiza. Kwenye mfumuko shinikizo ni hasi na linalingana na msongamano, kwa hiyo jumla inakuwa hasi mbili ya msongamano. Sharti limeanguka, na hitimisho haliwezi kuchukuliwa. Nishati giza ya leo inalivunja sharti hilohilo. Guth alipoleta mfumuko mwaka 1981, theorem ya 1970 ikapoteza nguvu palepale inapohitajika.

Ile ya 2003 inafanya kazi hivi. Chukua chembe huru, haisukumwi na kitu. Linganisha kasi yake na ya galaksi za jirani inazozipita. Kutanuka kunaipunguzia kasi hiyo kadiri inavyoendelea, kwa hiyo ukirudi nyuma kasi inapanda. Kama wastani wa kutanuka kwenye njia nzima ni zaidi ya sifuri, kasi inafikia ya mwanga ndani ya muda wenye kikomo kwa saa ya chembe hiyo. Njia haiwezi kurefushwa zaidi ndani ya eneo lile linalotanuka. Chembe zilizotulia kabisa pamoja na mtiririko ndizo pekee zinazosalimika.

Kinachothibitishwa ni kwamba kipindi cha kutanuka hakijitoshelezi kwa nyuma, kuna mpaka. Nyuma ya mpaka kunaweza kuwa na mwanzo kamili. Kunaweza pia kuwa na kipindi cha kusinyaa, ambapo wastani unakuwa sifuri au chini yake na theorem haina la kusema. Anthony Aguirre na Steven Gratton walijenga mfano wa aina hiyo mwaka 2002. Au kunaweza kuwa na hali ya kwanta ambayo maneno "njia ya chembe" hayana maana kwake. Guth, mwandishi mwenzake Vilenkin, anaona kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ulimwengu ni wa milele, na hilo lilionyeshwa hadharani kwenye mdahalo wa Craig na mwanafizikia Sean Carroll mwaka 2014. Waandishi wawili wa theorem moja wanavuta pande mbili. Hiyo inatosha kutuonyesha kwamba hitimisho la mwanzo kamili linaongezwa juu ya theorem, halitoki ndani yake.

#7 Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa upande wa Wakristo, hasa Wakatoliki, mjadala huu una majibu ya zamani ambayo wahubiri wetu wameyasahau.

Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, ulitamka kwamba Mungu aliumba vyote tangu mwanzo wa nyakati bila kutumia kitu. Hiyo ni imani ya Kanisa, na Thomas wa Akwino aliishika kikamilifu. Lakini alikataa kwamba akili inaweza kuithibitisha. Kwenye kitabu chake cha Summa, sehemu ya kwanza, swali la 46, anasema kwamba ulimwengu kuwa na mwanzo kunashikwa kwa imani peke yake, na anaonya kwamba mwamini akileta uthibitisho dhaifu anawapa wasioamini sababu ya kucheka. Karibu mwaka 1270 akaandika kijitabu kizima kuhusu umilele wa ulimwengu, dhidi ya wenzake waliodhani uthibitisho upo. Mtakatifu Bonaventura alikuwa upande wa pili, hoja zake zikifanana sana na za Ghazali. Watakatifu wawili, mapokeo mamoja, na walipingana waziwazi.

Kiini cha Thomas: kuumbwa maana yake ni kutegemea. Ulimwengu usio na mwanzo ungemtegemea Mungu sawasawa na ulioanza. Ndiyo maana njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo hazianzi na "hapo kale". Hapa yuko karibu sana na Ibn Sina, aliyemsoma kwa Kilatini.

Anayetaka mfano wa karne iliyopita amtazame Lemaître. Mwaka 1931 alipendekeza kwenye jarida la Nature kwamba ulimwengu ulianza kama kwanta moja (kifurushi kimoja cha nishati), ile iliyokuja kuitwa atomu ya asili. Alikuwa padri tangu 1923, na wapinzani walisema analeta Biblia kwa mlango wa nyuma. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliwahutubia wanachama wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, akasema kwa maana hii: sayansi imerudi nyuma hadi kushuhudia lile neno la kwanza, "Iwe nuru". Lemaître hakupendezwa. Kwake nadharia ilikuwa nje kabisa ya suala la dini, na ilimwacha asiyeamini akiwa huru kutoamini. Papa alipohutubia mkutano wa Roma wa Septemba 1952, uleule aliotaja Mpimaji, hakurudia dai lile. Hebu fikirini kama angelirudia, siku zilezile Baade anaongeza umri wa ulimwengu maradufu.

Wakana Mungu nao wasijipongeze. Mwaka 1947 Andrei Zhdanov, mkuu wa itikadi wa Sovieti, aliwashambulia wafuasi wa Lemaître kwa kuhubiri ulimwengu wenye kikomo. Nchi ya Friedmann mwenyewe iliipa kisogo kosmolojia yake kwa miaka.

#8 Mwenye Shaka

Sawa, lakini fizikia ya kwanta inasema chembe huibuka kwenye utupu bila sababu. Dai la kwanza la Hoja Nzito limekufa hapo. Ulimwengu ungeweza kuibuka vivyo hivyo, na hakuna anayehitajika.

#9 Mpimaji

Pole pole. Utupu wa maabara si ukosefu wa vitu. Una nafasi, una wakati, una nyuga zenye nishati, na una sheria zinazotoa uwezekano wa kila tukio kwa namba. Ni kweli hakuna kinachoamua kiini fulani cha urani kipasuke leo na si kesho, na anayetetea dai la kwanza lazima aseme kama "sababu" kwake ni lazima iamue matokeo, au inatosha iwe ndiyo inayowezesha. Lakini kutoka hapo kwenda "kitu kutoka kwenye ukosefu mtupu" ni kuruka korongo.

Vilenkin mwaka 1982 alikokotoa ulimwengu unaopenya kutoka hali yenye ukubwa sifuri. Hapakuwa na nafasi wala wakati, ila sheria za kwanta zilikuwepo, vinginevyo kusingekuwa na hesabu. James Hartle na Hawking walichapisha mwaka 1983 pendekezo tofauti: karibu na Mlipuko Mkuu wakati unapoteza tabia yake na kuwa kama kipimo kingine cha nafasi, kwa hiyo umri una kikomo lakini hakuna nukta ya kwanza. Hawking alilitangulizia wazo hilo mwaka 1981 kwenye mkutano uliofanyika Vatikani.

Angalieni pendekezo hilo linavyovuruga kambi zote mbili. Wakati uliopita una kikomo, kama Hoja Nzito anavyotaka, na bado hakuna tukio la kuanza la kulitafutia sababu. Kwa hiyo "ulimwengu ulianza" ni madai mawili, na anayeyatumia lazima aonyeshe lipi anamaanisha.

#10 Shina la Mbuyu

Shekhe Taa ameruka rai moja ambayo wengi humu wanaifuata bila kujua matokeo yake. Waliosoma sifa ishirini za Mungu wanaijua dalili (hoja) ya Ash'ari, mwanazuoni wa kalaam: ulimwengu haukosi mabadiliko, na kisichokosa yaliyozuka nacho kimezuka. Ibn Taymiyya (1263 hadi 1328) aliivunja dalili hiyo. Kwake kila kiumbe kimoja kimoja kina mwanzo na kimetanguliwa na kutokuwepo, ila Mungu hakuacha kuwa Mtendaji, kwa hiyo mfululizo wa viumbe hauna wa kwanza. Anawapinga wanafalsafa, kwa kuwa kwake hakuna kitu chochote cha milele pamoja na Mungu, na anawapinga watu wa kalaam, kwa kuwa mfululizo bila mwanzo anaukubali.

Anaegemea hadithi ya Imran bin Husayn katika Bukhari. Riwaya moja ina "na hapakuwa na kitu kisichokuwa Yeye", nyingine "na hapakuwa na kitu kabla Yake", na yeye anaipa nguvu ya pili. Wengine, akiwemo mwanazuoni wa hadithi Albani, hawakukubaliana naye kwenye suala hili. Kwa hiyo anayemfuata Ibn Taymiyya kwenye aqida (itikadi) kisha anatumia hoja ya Craig dhidi ya wakana Mungu anashika kamba mbili zinazovutana.

#11 Hoja Nzito

Hiyo naikubali kama mgongano wa watu, haigusi hoja. Na mnasahau entropia (kipimo cha mvurugiko). Richard Tolman alionyesha mwaka 1934 kwamba ulimwengu unaotanuka na kusinyaa kwa zamu unaongeza entropia kila duru, na kila duru inakuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Rudi nyuma: duru zinafupika mpaka ziishe. Paul Steinhardt na Neil Turok walileta duru mpya mwaka 2002 zinazoitawanya entropia kwa kutanuka sana, lakini hapo wastani wa kutanuka unakuwa juu ya sifuri, na theorem ya 2003 inawanasa. Waandishi wake walilitaja hilo wenyewe. Kila njia ya kukwepa inalipa gharama mahali fulani, na mwanzo ndio maelezo mepesi kuliko yote.

#12 Mwenye Shaka

Basi niambieni kipimo. Kuna chombo chochote kinachoweza kuamua kati ya mfumuko, kudunda (ulimwengu kusinyaa kisha kutanuka tena) na hizo duru?

#13 Falaki wa Kusi

Hoja ya Tolman ni ya kweli, na ndiyo mzigo mzito zaidi kwa wanaotaka ulimwengu wa milele. Penrose anajaribu kuubeba kwa duru zake ambapo mata yote hatimaye inabaki mwanga. Alidai mwaka 2010 pamoja na Vahe Gurzadyan kwamba kuna miduara kwenye ramani ya joto la kale. Makundi mengine yalipochambua ramani hizo, yalipata miduara ya kiasi kilekile kwenye anga za kuigiza ambazo hazina duru yoyote.

Kipimo kipo, ila kinaamua sehemu tu. Mfumuko unatikisa nafasi na kuacha mawimbi ya mvutano, ambayo yanaacha alama ya mpangilio wa mzunguko kwenye upolaraji wa mwanga wa kale (upande ambao mwanga unatikisikia). Ukubwa wake unaandikwa kwa herufi r. Modeli za kudunda za akina Steinhardt zinatabiri r ndogo mno isiyopimika. Kwa hiyo r ikipatikana, modeli hizo zinaanguka. Isipopatikana, mfumuko hauanguki, kwa kuwa aina nyingi za mfumuko zina r ndogo pia. Mpaka sasa antena za BICEP na Keck kwenye Ncha ya Kusi zimeweka kikomo cha r chini ya 0.036, matokeo ya mwaka 2021.

Lakini hata r ikipatikana kesho, mwanzo hautaonekana. Mfumuko unaotosha kuufanya ulimwengu uwe bapa hivi lazima urefushe nafasi angalau mara 10²⁶ hivi. Chochote kilichokuwepo kabla yake kimesukumwa nje ya upeo tunaoweza kuona. Nadharia iliyofanikiwa zaidi kueleza anga ndiyo hiyohiyo inayofuta nyayo za kilichoitangulia, na mipango ya setilaiti kama LiteBIRD haiwezi kubadilisha hilo. Hoja Nzito anaweza kusema mwanzo ndio maelezo mepesi. Aiite hukumu ya akili basi, asiiite kipimo.

Atakayeleta habari ya r humu aangalie kwanza masafa (frequency) ya mwanga yaliyotumika. Machi 2014 kundi la BICEP2 lilitangaza r ya 0.2 kwa kutumia gigahezi 150 peke yake. Vumbi la galaksi yetu linatoa mwanga wenye alama ya namna hiyohiyo, na masafa mamoja hayawezi kulitenga. Planck ilipoleta ramani ya gigahezi 353, ambako vumbi ndilo linalong'aa zaidi, dalili ikayeyuka mwanzoni mwa 2015. Tangazo lisilo na angalau masafa mawili, moja likiwa la kupimia vumbi, lisubiri.